Nyayo za Mayu Minza kwenye Theluji

Nyanzala alikuwa anapepeta mahindi uani wakati theluji ilipoanza kuanguka Nsonga, kitongoji kilichoko juu mlimani, ukingoni mwa bonde la Kasansa. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne, mwaka wa ukame. Kule bondeni ardhi ilikuwa imepasuka na ng'ombe walikuwa wanakufa wamesimama. Huku juu theluji ilitua kwenye ungo, juu ya mahindi. Nyanzala aliipepeta pamoja na pumba, akaendelea na kazi.

Jioni watu walikusanyika shuleni, wamejifunika mashuka na magunia, na Mwalimu Telesphor akawaeleza.

"Hewa ikipanda inapoa," alisema. "Ile ya bondeni ina mvuke kidogo wa Ziwa Rukwa. Upepo unaisukuma, inagonga mlima, inapanda. Ikifika huku imepoa sana, ule mvuke unaganda. Hata jangwani iko miji iliyojengwa juu milimani, na theluji inaanguka kwao wakati walio chini wanaungua na jua. Si ajabu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Walikuwa wamehofia kitu kibaya zaidi.

Asubuhi theluji ilikuwa imefunika kila kitu, na juu yake kulikuwa na nyayo. Mtu alikuwa ametembea peku. Alitokea korongoni, ambako hakukuwa na njia, akapita kwenye migomba, akafika kwenye milango minne. Mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili vya mwisho. Hakukuwa na nyayo za kurudi.

Nyanzala alizitambua kabla hajainama. Minza, mama mkwe wake, aliyemwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alikatwa vidole hivyo na jembe zamani, walipokuwa bado Usukumani. Mwaka uliopita ng'ombe wa jirani walikufa, na watu wakasema bibi yule mwenye macho mekundu ndiye aliyewaloga. Wanaume wanne walimtoa nyumbani. Walisema wanampeleka barabarani apande lori la Mpanda, kisha treni, arudi kwa ndugu zake. Barabara ilikuwa mwendo wa kutwa nzima. Wanaume walirudi siku ileile kabla ya giza, mashati yao yamefuliwa, yanachuruzika maji. Mmoja wao alikuwa Nkwabi, mume wa Nyanzala, mtoto pekee wa Minza.

Sasa Nkwabi alisimama mlangoni, anazitazama nyayo zilizoishia kizingitini pake.

"Ni za mayu," Nyanzala alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Fagia."

"Baba Nyamizi, mimi naogopa."

"Hata mimi naogopa," Nkwabi alisema. "Fagia."

Alifagia. Kwenye milango mingine mitatu wake wa wale wanaume walikuwa wanafagia pia, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Kesho yake theluji ilianguka tena, na nyayo zilikuwepo. Ikawa hivyo kila siku. Nyanzala alimuuliza mwalimu, walipokutana kisimani, kama hewa ya bondeni inaweza kuleta na nyayo.

Mwalimu alitazama nyuma yake kwanza. "Mimi nilieleza theluji, mama," alisema. "Hayo mengine sikueleza." Akabeba ndoo yake, akaondoka bila kuijaza.

Kufagia theluji kukawa kazi ya wanawake, kama kuteka maji. Iliyofagiwa iliyeyuka mashambani, maharage yakastawi, ng'ombe wakanywa. Watu wa bondeni walipanda kuja kuomba maji, wakaruka nyayo kwa adabu, namna mtu anavyoruka nafaka iliyoanikwa. Kila mtu aliziona. Hakuna aliyeshuka korongoni kutazama zilikoanzia. Nyanzala alilala kando ya Nkwabi akiwa amebana pumzi, na mchana alikuwa mwangalifu asikae karibu na moshi wa jiko, macho yake yasije yakabadilika rangi.

Afisa mmoja alikuja kutoka wilayani kuiona theluji. Alikuwa mtu mpole, amevaa makoti mawili. Alizunguka kitongoji kizima akisifu maharage, akafika kwa Nkwabi kabla ya ua kufagiwa. Alisimama juu ya nyayo zile, akazitazama, akamtazama Nyanzala.

"Nani huyu anatembea peku kwenye baridi hii?"

Nkwabi alikuwa nyuma ya mkewe. Wale watatu wengine walikuwa wamekuja pia, wameegemea ukuta, wametulia.

"Mama," afisa alisema taratibu, "kuna shida yoyote hapa? Sema tu."

Nyanzala alifungua kinywa. Alihisi pumzi ya mumewe kwenye shingo yake, ya moto.

"Shida ni viatu, mheshimiwa," alisema. "Hatuna viatu."

Afisa alisikitika sana. Baada ya wiki chache lilikuja gunia la viatu vya mitumba, na wale wanaume wanne ndio waliopewa kazi ya kugawa.