Picha ya Kutisha ya Mama Divine

Mifupa ilianza kuonekana kwenye nyua za mtaa wa St Marys kabla Oktoba haijafika katikati. Kwanza fuvu juu ya sanduku la barua la jirani, kisha mkono umechomoza kwenye nyasi kana kwamba mtu alizikwa kwa haraka, kisha mifupa mizima ya mtu, imeketishwa kwenye kiti cha plastiki na kuvishwa kofia ya jua. Katungu alipita hapo kila asubuhi akienda stesheni. Aliinamisha uso na kufanya ishara ya msalaba upesi upesi, wenye nyumba wasimwone. Miaka yote aliyokaa Sydney hakuwa amempata mtu wa kumweleza jambo hili likaeleweka. Watu wana amani, wana nyasi zilizokatwa vizuri, halafu wanaingia dukani kununua maiti!

"Dada, bazungu banapenda kuogopa," aliambiwa na binamu yake Blaise, aliyefanya kazi kwenye ghala na kujiona mjuzi wa mambo ya Australia. "Banalipa hata feza juu ya kuogopa."

"Juu ya nini?"

"Bon, hapa hakuna kitu ya kuogopa. Basi banaitafuta."

Katungu alimtazama asijue kama anataniwa. Woga yeye alikuwa nao wa kutosha; angeweza kuwagawia mtaa mzima na bado ukabaki.

Basi alikuwa katika hali hiyo, kichwa kimemvurugika, ujumbe wa sauti wa Jerusha ulipoingia kwenye kundi la simu la kanisa. Jerusha alikuwa Mkenya, mtu mzima wa heshima zake, aliyezaliwa na kulelewa Mombasa, na Kiswahili chake kilinyooka kiasi kwamba wenzake wa Nairobi walimcheka. Ndiye aliyemtafutia Katungu kazi kwenye nyumba ya wazee kule Granville. Ndiye aliyemfundisha kumgeuza mzee kitandani bila kujivunja mgongo. Hakuwahi kudai chochote kwa hayo yote, na sasa alikuwa anaomba.

"Wazazi wenzangu," sauti ilisema, "hii Halloween yao ya mafuvu hatuwezi kuizuia. Heri watoto waje kwangu Penrith kuliko kuzurura wakiomba peremende kwa watu tusiowajua. Kila mzazi alete picha moja ya kutisha. Isiwe ndefu, watoto hawana subira. Isiwe na uchawi wala watu walio uchi. Tutaonyesha ukutani."

Katungu aliisikiliza, akairudia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Picha ya kutisha. Isiwe ndefu. Alijaribu kuwaza picha ndefu inakuwaje, akakumbuka zile kubwa za fremu ambazo watu hutundika sebuleni, akaona sawa, wanataka ndogo. Hilo la uchi nalo lilieleweka. Lakini watoto wa kanisa wataitwa kuangalia picha za kutisha za nini? Za vita? Za ajali? Na kwa nini ziwekwe ukutani?

Angeweza kumuuliza Divine, binti yake, aliyekuwa chumba cha pili na miaka yake kumi na minne na masikio yake yaliyozibwa na muziki. Divine angejibu kwa Kiingereza, kwa neno moja, na mambo yangeishia hapo. Lakini hakumuuliza, na sababu ni kwamba picha ya kutisha Katungu alikuwa nayo, na Divine ndiye mtu wa mwisho duniani aliyetakiwa kujua kwamba ipo.

Ilikuwa picha ya Fidèle, mumewe. Ilipigwa barabarani Butembo, kwao Kongo, asubuhi aliyopanda lori kwenda kununua maharage. Lori lilirudi. Fidèle hakurudi, wala mwili wake. Divine alikuwa bado tumboni. Katungu alikimbia vita na picha hiyo hadi Uganda, na katika kambi ya wakimbizi aliitazama siku moja, akashindwa kula, akashindwa kunyonyesha. Mtoto akalia hadi sauti ikakauka. Tangu hapo aliifunga kwenye kipande cha kitenge, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na Divine alipokua na kuanza kuuliza baba yangu alikuwaje, alimwambia kila kitu kiliungua na hakuna picha hata moja. Uongo huo ulimkaa rohoni kama mwiba. Mwaka huu shuleni waliambiwa wachore mti wa ukoo wenye nyuso za watu. Divine aliacha kisanduku kimoja kitupu, akaipeleka karatasi hivyo hivyo.

Kazini, wakitandika vitanda, Katungu akapata ujasiri.

"Dada Jerusha, ile picha. Inaweza kuwa ya zamani?"

"Za zamani ndizo tamu! Hizi za siku hizi ni damu tu, hazina hata adabu."

"Ata kama rangi imeanza kupotea?"

"Hata isiyo na rangi kabisa, mwanangu. Utotoni kwetu tuliona zilizokwaruzika, na usiku hatulali."

Katungu akavuta shuka, akafikiri. "Na kama iko mutu mumoja tu ndani?"

"Mtu mmoja! Basi hizo ndizo zitishazo hasa. Mtu peke yake, wewe wajua kuna jambo litamfika, yeye hajui."

Mikono ya Katungu ikaganda juu ya mto. Huyu mama amejuaje? "Eeh," akasema polepole. "Yeye hajue kitu. Anacheka."

"Anacheka?" Jerusha akajikumbatia, akatetemeka kwa raha. "Wewe Mama Divine usinimalize! Hiyo hiyo ndiyo nataka. Usije ukampa mtu mwingine."

Hapo Katungu alizidi kupotea. Aliporudi kwa treni alilivuta wazo moja na jingine, hakuna lililoshikana na mwenzake, mpaka alipotazama tarehe kwenye simu. Halloween ni tarehe thelathini na moja. Kesho yake ni Toussaint, sikukuu ya watakatifu wote, na kesho kutwa ni siku ya marehemu, ambayo katika parokia yao Butembo majina ya waliokufa yalisomwa moja moja na watu wakaitikia. Kumbe! Ndiyo maana ya mafuvu! Ndiyo maana ya mifupa kwenye kiti! Watu hawa nao wanawakumbuka wafu wao, ila kwa namna yao ya kishamba. Kila familia italeta picha ya mtu wake, ile ambayo ni vigumu kuitazama, itawekwa ukutani, watoto wataambiwa huyu alikuwa nani. Katungu akapumua. Kwa mara ya kwanza Oktoba ile yote ilikuwa na maana. Akaona pia kwamba Mungu amemfungulia mlango: kati ya picha nyingi, wakati kila mtu analia kivyake, ya Fidèle haitakuwa na ukali ule. Divine ataiona pamoja na za wengine. Huenda asiulize kwa nini aliambiwa hakuna.

Jumamosi waliyoalikwa kwa Jerusha jua lilikuwa bado linawaka nje, lakini mapazia yalifungwa sebuleni. Watoto walijazana kwenye zulia, mmoja amejipaka unga usoni, mwingine ana meno ya plastiki. Ukutani palitundikwa shuka jeupe na juu ya meza palikuwa na mashine ndogo inayotoa mwanga. Katungu alitafuta picha nyingine, hakuiona hata moja. Mishumaa pia hakuna. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Haya wazazi, pendekezeni," Jerusha akasema. "Douglas, anza."

Douglas, Mkenya mrefu aliyefanya kazi ofisini Parramatta, akasimama kama anaomba kura. "Mimi nawaletea ya mamba ameingia kwa swimming pool ya watu, na hawajui. Hiyo ni moto."

Watoto wakashangilia. Katungu akashangaa. Ndugu wa Douglas aliliwa na mamba? Na watoto wanashangilia? Akamtazama kwa huruma nyingi, akasema taratibu, akimwita baba kwa heshima ya kwao, "Pole sana, papa." Douglas akasema asante, akakaa, akaonekana hajui ameshukuru nini.

"Mama Divine, sasa yako. Yaitwaje?"

"Anaitwa Fidèle."

"Fidèle," Jerusha akarudia. "Ni ya Kifaransa?"

"Hapana. Ni ya Butembo."

"Ya Kongo! Hiyo sijapata kuiona. Iko kwenye simu?"

"Iko hapa," Katungu akasema. Akafungua mkoba, akatoa kitenge, akakikunjua, akampa Jerusha picha mkononi.

Jerusha akaipokea. Akaigeuza nyuma kutafuta kitu, hakukiona, akaigeuza mbele. Douglas akachungulia. Mtoto mmoja, yule wa meno ya plastiki, akajisogeza na kuuliza, "Where's the movie?"

Neno hilo Katungu alilijua. Lilimwingia polepole, kisha likamwingia lote. Filme. Mamba wa Douglas ni filme. Picha ya huyu mama wa Mombasa ni filme. Damu ikampanda usoni, masikio yakawaka, akatamani sakafu ya Penrith ifunguke. "Ah, nimekosea, dada," akasema, mkono umeshanyooshwa. "Nilisikia mubaya. Nirudishie, munisamehe."

Angerudishiwa. Jerusha alikuwa ameshaanza kuirudisha, macho yamemjaa maji kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuelewa. Lakini Divine alikuwa anatoka jikoni na bakuli la bisi, na alipita katikati yao.

"Mum, who's that?"

Katungu alikuwa na jibu tayari. Mjomba wako. Maneno mawili tu, na uongo wa zamani ungepata mdogo wake. Aliyafikisha mpaka mdomoni. Akamtazama mtoto, bakuli kifuani, pengo lile lile katikati ya meno ya mbele kama la mtu wa pichani, na hakuweza.

"Ni papa yako."

Hata watoto wasiojua Kiswahili waligeuka kumtazama Divine.

"Uliniambia hakuna," Divine akasema. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, lakini taratibu, na hilo lilimtisha mama kuliko kelele. "Nilikuuliza. Nilikuuliza mara ngapi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Hiyo."

Divine akaweka bakuli chini, akaichukua picha mkononi mwa Jerusha bila kuomba, akatoka kwa mlango wa nyuma. "Ni sinema, mwanangu," Jerusha akanong'ona, amemshika Katungu bega. "Sisi kwetu sinema twaiita picha. Ni ulimi wangu huu." Katungu akasema anajua sasa, si kitu, akamfuata binti yake uani. Nyuma yao mtu akawasha mamba.

Divine alikuwa ameketi kwenye ngazi, mgongo umempinda, picha juu ya magoti. Katungu akaketi kando yake bila kumgusa. Alikuwa anaogopa waziwazi. Mtoto huyu akimtoa moyoni mwake leo, hatakuwa na wa kumlaumu ila yeye mwenyewe. Alingoja kusikia maneno makali na akaona ni haki yake.

"Kwa nini amesimama hivi?" Divine akauliza mwishowe, bado hamtazami.

"Namna gani?"

"Hivi. Kama amemeza fimbo."

Katungu hakuwa ameitazama tangu kambini. Hata alipoifunga upya jana alifumba macho nusu. Sasa akainama. Alitegemea kuona lile lori pembeni, na kweli lilikuwepo, kipande cha gurudumu. Lakini mbele ya gurudumu alisimama mwanamume aliyevuta tumbo ndani mpaka mbavu zimeinuka, shingo imenyooka kama jogoo, uso mzima unapasuka kwa kicheko anachojaribu kukizuia.

"Nilimuambia avute tumbo," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Nilimuambia, Fidèle, vuta hiyo tumbo, batu batasema ni weye uko na mimba." Akaanza kucheka, kicheko kikavunjika katikati, akalia kwa sauti, bila aibu, uani kwa watu. Divine akamwacha alie. Halafu akasogea, bega likagusa bega.

"Haangalii kamera," Divine akasema, akaigeuza picha kwenye mwanga wa jua lililobaki. "Anaangalia pembeni. Anamwangalia nani?"

Katungu akajifuta uso kwa kitenge. "Fotografe alikuwa hapa. Mimi nilisimama kando yake, hapa." Akaonyesha kwa kidole, nje kidogo ya ukingo wa picha. "Na weye ulikuwa mu tumbo, mukubwa, unanipiga mateke. Haangalie mimi peke yangu. Alikuwa anaangalia tumbo."

Divine akainamisha picha upande ule, akasogeza uso wake karibu, mpaka macho ya mtu yule yakamwelekea.