Nkwabi Hanywi Maji ya Shimoni

Mume wangu Nkwabi ni mwanamume wa maneno mengi, lakini neno moja alilopaswa kulisema alilikalia mpaka likataka kutuulia mtoto. Nalisema mimi sasa, na akitaka kununa anune. Nimemzoea.

Mwaka ule aliokufa Mfalme Joji tulikuwa kambi ya wachimbaji, upande wa Geita, mwendo mrefu kwa miguu kutoka Masumbwe. Mzungu mwenye mgodi alikuwa ameshafungasha mashine zake akaenda zake, wanaume wetu wakabaki wanakwangua alichoacha. Shimo lao la kwanza lilikuwa kubwa hasa. Lilipoacha kutoa dhahabu wakahamia jingine kando yake, na masika ilipofika lile la zamani likajaa maji hadi ukingoni.

Sisi wanawake tukashukuru Mungu. Mto ulikuwa mbali, na hapa tumeletewa maji mlangoni, tena yanametameta! Ukichota unaona vichembe vinang'aa ndani ya kata. Wanaume wakasema ni vumbi la dhahabu, anayeyanywa anaingiwa na bahati. Tukayanywa. Ee, tuliyanywa jamani! Mgeni akija tunamkirimu kata nzima, na tunamsimamia mpaka aimalize.

Haukupita muda, matumbo yakaanza. Mtu anakuamkia shikamoo, kabla hujasema marahaba ameshapotelea kichakani. Wazee wenye heshima zao walikuwa wanakimbia wameshika suruali kwa mikono miwili. Tulicheka, nisiseme uongo. Tuliona ni mambo ya maembe mabichi.

Ndipo akaja Bartholomeo, bwana afya, juu ya baiskeli yake, kaptula imepigwa pasi hadi inaweza kukata nyama. Akalizunguka lile shimo, akainama, akanusa, akakunja uso.

"Maji haya yana mavi," akasema.

Tulimjia juu! Mavi ya nani? Huku kuna mbung'o, hapapiti hata ng'ombe mmoja. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, maana shimo lilikuwa karibu na nyumba yangu na niliona ananitukana mimi.

"Sijui ya nani," akasema. "Ninachojua, yakiingia tumboni yanaua. Chemsheni maji ya kunywa, na mchimbe vyoo."

Wanaume wakamcheka mpaka wakakaa chini. Athanas, kiongozi wao, akamweleza kwamba ukichemsha maji ya dhahabu bahati inapaa na mvuke. Nkwabi wangu akacheka kuliko Athanas. Kisha akasema ana kiu, akaenda dukani kwa Liaquat kunywa chai.

Ningekuwa na akili, hapo ningeshtuka. Mume wangu alikuwa hanywi maji ya shimoni. Chai kwa Liaquat, pombe kwa wapika pombe, na nyumbani anataka uji. Tena aliniamuru mtoto wetu Paskalia naye apewe uji tu. "Mtoto wa mchimbaji hanywi maji matupu," anasema. Na mimi, mjinga wa watu, nikawaringia wenzangu pale shimoni tukichota eti mume wangu anajua kulea.

Jirani yangu alikuwa Bhoke, mwanamke wa Kikurya kutoka Musoma, mjane. Mwamba ulimwangukia mumewe akafa, naye Bhoke akabaki na mtoto mmoja, Januari, rika moja na Paskalia. Januari akaanza kuhara, akahara damu, akaisha hivi hivi tunamwona. Tukamzika. Nkwabi ndiye aliyembeba mikononi mpaka kaburini, na alilia kweli, nilimwona.

Basi ndimi zikaanza. Mgeni, mjane, mume kafa, sasa na mtoto. Wakasema Bhoke kamla mwanawe mwenyewe, na hayo matumbo yetu ni kazi yake. Watu wakaacha kumsalimia. Akipita na mtungi wanamwachia njia nzima kama mwenye ndui. Nkwabi aliyasikia hayo yote akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Alikuwa anarekebisha kofia na kutazama kwingine.

Lakini mtoto hajui uhasama wala maneno ya watu. Paskalia aliendelea kwenda kucheza uani kwa Bhoke, na akicheza anasikia kiu, na akisikia kiu anakunywa kilichopo. Siku moja akarudi amelegea. Kesho yake damu. Macho yakazama, midomo ikakauka, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama.

"Mayu, minzi," akaniambia. Mama, maji. Sauti yenyewe siisikii.

Nikachota kata ya maji mtungini. Nimemwinua kichwa, kata imefika mdomoni, Nkwabi akaingia. Alipiga ile kata ikaruka ikagonga ukuta, maji yakanimwagikia mimi na mtoto.

"Usimpe hayo!"

"Mtoto anakufa kwa kiu, wewe una wazimu?"

"Usimpe, Mama Paskalia. Nakuomba usimpe."

Akapiga magoti pale kwenye tope akalia. Ndipo akasema. Walipohamia shimo jipya alikwenda kwa mganga, mganga akampa sharti: kila alfajiri ajisaidie katika lile la zamani, ili kuifunga dhahabu isihame tena. Na asimwambie mtu yeyote, hata mkewe, kwani siku akilitamka dhahabu itatoroka isirudi.

"Kujisaidia kupi?" nikamuuliza.

"Kote kuwili," akasema.

Mungu anisamehe, ningekuwa na mchi karibu ningekuwa mjane kama Bhoke. Lakini mtoto kwanza. Bartholomeo alikuwa amerudi kutukagua, yuko pale dukani kwa Liaquat. Akampakia Paskalia na mimi kwenye baiskeli, akatupeleka hadi kwenye zahanati huku akihema kama fahali. Wakampa vidonge, na maji yaliyochemshwa, kijiko baada ya kijiko, mimi ninahesabu pumzi zake. Siku aliyonidai muwa nilijua mwanangu amerudi.

Nilirejea kambini naye mgongoni, sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ukingoni mwa shimo, wanaume wote wako kazini na wanawake wanachota.

"Mwageni hayo maji!" nikapaza sauti. "Mnakunywa mavi ya Nkwabi! Alikuwa anaingia humo kila alfajiri kufunga dhahabu, kaambiwa na mganga!"

Nilingoja kicheko. Nilitaka wamcheke mpaka aihame nchi. Hakuna aliyecheka. Athanas alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Aliye karibu naye anajikuna shingo. Nikatazama huyu, nikatazama yule, wote vichwa chini.

"Kumbe na wewe, Nkwabi?" Athanas akasema taratibu. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Mganga mmoja, sharti moja, kambi nzima! Kila mmoja anaamka kabla ya wenzake, ananyatia kwa zamu yake, na kila mmoja anaona mkewe anachota na kufunga mdomo, asije akaikimbiza dhahabu. Wanawake walianza kutapika. Mimi nilikuwa natafuta tusi, nikakosa linalotosha.

Bhoke akapita katikati yetu. Safari hii walimwachia njia kwa aibu. Akaenda kusimama mbele ya mume wangu, mtungi mtupu mkononi.

"Shemeji," akasema. "Siku ile umembeba Januari, ulikuwa unajua?"

Nkwabi, mwenye maneno, akarekebisha kofia na kutazama kwingine.

Mpaka leo hajamjibu. Tulihama wote kutoka kambi ile, na Bhoke alijenga jirani nasi, kwa sababu mimi nilimwomba. Nkwabi sasa ndiye anayechanja kuni na kuchemsha maji ya nyumba, sihitaji kumwambia. Yakipoa anajaza mtungi wa kwanza, anampelekea Bhoke. Bhoke anaupokea kwa mikono miwili, anasema asante shemeji, kisha anayamwaga pale pale mlangoni, Nkwabi akitazama.

Kesho yake anampelekea tena.