Mwethya wa Meli

Nthenya wa Kalamba hakuwa mtu wa kufanyiwa mzaha kuhusu maji. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, na bwawa la kijiji lilikuwa kazi ya mikono yao, jembe kwa karai, huku wakiimba. Mhandisi aliyewachorea alikuwa ameacha njia pembeni ya kutorosha maji ya ziada. Ya ziada! Nthenya alicheka mpaka akashika kiuno. Mhandisi alipowapa kisogo tu, akina mama waliiziba kwa mawe na udongo, wakaushindilia barabara. Ukambani nani amewahi kuona maji ya ziada?

Basi Septemba ya mwaka wa tisini na saba, binti yake Mutindi alipokuja likizo na kumwambia ile njia izibuliwe, Nthenya aliacha mwiko ndani ya sufuria ya muthokoi.

"Wewe kazi yako ni ya bahari," alisema. "Hapa Kalamba bahari iko wapi?"

Swali hilo lilikuwa limemkaa kooni miaka mingi. Mutindi alifanya kazi Nairobi, kwenye ofisi ya hali ya hewa, upande wa bahari, na kanisani watu walimtania Nthenya kwamba bintiye anawatabiria samaki.

"Mvua yenu ya Novemba inatoka huko, mwaitu," Mutindi alimjibu mama yake. "Na mwaka huu bahari upande wetu imepata joto mbaya. Mvua itakuja kubwa. Bwawa ikijaa na maji haina pa kutokea, ukuta itapasuka. Na kwa Kavata ni hapo chini."

Nthenya alipatwa na hofu, kwa sababu nyumba ya Kavata, mwenzake wa mwethya, aliiona chini ya ukuta kila siku akichota maji. Lakini aliogopa upande wa pili pia. Wakizibua na mvua iwe ya kawaida, maji yataisha mapema, na akina mama watarudi kufukua mchanga wa mto kutafuta maji huku wakilitaja jina lake kwa ubaya.

"Nani ameenda huko kupima hiyo joto?"

"Meli, mwaitu. Za nchi zote. Ikipita inapima upepo na joto ya maji, inatuma ripoti kwa redio mpaka kituo ya pwani. Halafu kila nchi inapata."

"Hata nchi zenye zimenuniana?"

"Hata zenye zimepigana. Walikubaliana, kwa sababu dhoruba ikikuja inapiga wote."

Nthenya akarudi kukoroga muthokoi. Katika mwethya wake, Kavata na Syombua hawakuwa wamesalimiana tangu mbuzi wa mmoja amalize kunde za mwingine. Hata hivyo siku ya kazi walibeba karai moja, huyu huku na yule kule, wala udongo haukumwagika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sheria kwamba ugomvi unabaki nyumbani.

"Kumbe hao wa meli ni mwethya," alisema. Mtaalamu mmoja na mashine yake angemtilia shaka mpaka kesho. Kazi ya wengi waliokubaliana bila kupendana aliijua, na aliiamini.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba la Syombua. Nthenya akawasimamisha akina mama njiani. "Leo tunaenda bwawa. Tunazibua."

"Zamu yangu!" Syombua aliwaka. "Na umwage maji yetu juu ya mambo ya bahari?"

"Mvua ikikuwa kidogo, nitakulimia mpaka mwaka uishe. Na hii kiti ya mwenyekiti mchukue."

Kavata aliinua karai. Syombua alinung'unika weee, kisha akashika upande wa pili.

Mvua ilikuja, ikakataa kuondoka. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda na maji. Alasiri moja akina mama walisimama mlimani, wamelowa chapachapa, wakitazama bwawa likipanda. Maji yalikaribia ukingo wa ukuta, yakaiona ile njia ya pembeni, yakageuka kwa kishindo na kuipita nyumba ya Kavata kwa mbali. Ukuta haukutikisika.

"Hiyo ndio ya ziada?" Syombua aliuliza.

"Ndio hiyo," Nthenya alijibu, akalia kwa furaha mbele ya watu wote bila kujificha.

Barabara zilipofunguka Mutindi alikuja, akamkuta mama yake ana neno moja tu.

"Sisi tumepeleka nini kwa hiyo kazi ya meli?"

"Hakuna kulipa, mwaitu."

"Sijauliza pesa. Kwa mwethya ukilimiwa, unalima."

Mutindi alianza kucheka, kisha akaona mama yake hafanyi mzaha. Safari iliyofuata alileta kipima mvua. Wakakisimamisha kando ya bwawa, wakakizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Mvua ya kwanza iliponyesha, Nthenya alikisoma kabla hata ya kunywa chai, akaenda ofisi ya chifu kwenye simu, akataja kipimo polepole ili Nairobi isikosee.

"Hapa ni Kalamba," akamalizia. "Ambia wale wa meli tumefika kazini."