Jaketi Lililoangukia Kushoto

Kama una kijana anayepanda pikipiki, nguo zake usizifue kwa haraka. Zitazame kwanza. Geuza kiwiko, geuza bega, tazama na pindo za mikono. Mama mmoja hakutazama. Au tuseme alitazama, tena sana, lakini alitazama kama fundi na si kama mama, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Jaketi lenyewe lilikuwa la mumewe. Mzee alilivaa miaka yote aliyoendesha malori: ngozi nyeusi nzito, bitana nyekundu, zipu ya chuma inayolia kama imechokozwa. Alipostaafu akampa kitindamimba wao, aliyekuwa amepata kazi ya kupeleka vifurushi kwa pikipiki baada ya kukaa nyumbani miaka miwili akihesabu mabati.

"Bila jaketi hutoki kwenye lango langu," mzee alimwambia. "Na ulilishe mafuta. Ukililisha litatuzika sote."

Kijana wa miaka ishirini na nne hana muda wa kulisha jaketi. Kazi ikamwangukia mama, kama kazi zote za nyumba ile zisizo na mwenyewe. Mwanzoni alilipaka mafuta ya kupikia, likanuka kikaango mwezi mzima na kijana akawa anasindikizwa na paka wa mtaa. Baadaye akajifunza. Ngozi hailoweshwi, inafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kikalia. Haianikwi juani, inakauka kivulini. Nta na mafuta hupakwa kwa kidole, maana kidole kina joto. Zipu husuguliwa kwa kipande cha mshumaa. Na jaketi halitundikwi msumarini likaota pembe shingoni, linawekwa kwenye henga pana ya mbao. Kila Jumamosi alikaa nalo mapajani kama mtoto mchanga, na moyo wake ulikuwa unatulia.

Mwezi wa tatu kijana akarudi na kiwiko cha kushoto cha jaketi kimechubuka, ngozi imegeuka ya kijivu kama goti la mtoto.

"Nimeteleza kidogo tu, mama. Usimwambie mzee, ataiuza pikipiki."

Mama alifikiria ile miaka miwili, kijana amelala chali anatazama mabati. Akachukua msasa mwembamba, akalainisha, akapaka rangi nyeusi ya viatu, akafuta, akapaka tena. Ukipitisha mkono hujui. Alijisikia fahari, tusidanganyane.

Mwezi wa saba likawa bega. "Mvua, mama. Barabara ilikuwa sabuni." Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha kweli. Akapaka.

Katikati hapo kuna asubuhi moja kijana alikuwa anakunywa chai, kijiko kikasimama hewani. Mama akamwita mara tatu. Kijana anatazama ukuta, mdomo unatafuna na ndani hamna kitu.

"Unamuwaza nani huyo mpaka chai inapoa?" mama akamtania.

"Nani? Mimi?" kijana akasema, akaendelea kukoroga. Mama akacheka. Kuna siku pia alikuta damu kwenye mto, kijana akasema amejing'ata ulimi usingizini. Mama akafua foronya. Damu hutoka ikiwahiwa kwa maji baridi na chumvi, hilo pia analijua.

Mara ya tatu ilikuwa mchana, mama anamenya viazi. Kijana aliingia na bandeji kwenye paji la uso, ameshika jaketi kifuani kwa mkono mmoja maana mshono wa ubavuni ulikuwa umefumuka kutoka kwapani hadi kiunoni. Mama alingoja moyo wake uruke. Haukuruka. Ulifanya kama mguu uliokaliwa vibaya: unaugusa, unajua ni wako, lakini haujibu. Akamaliza kumenya kiazi alichoshika. Akachukua kingine.

Safari hii mzee alikuwepo. Alimzunguka mwanawe kama anakagua tairi.

"Sawa," alisema mwishoni. "Mara moja ni shule. Hakuna aliyekaa barabarani asianguke mara moja, hata mimi. Ila ya pili, pikipiki naiuza na wewe unakaa."

Kijana akamtazama mama. Mama akatazama viazi.

Usiku wa siku ile na siku zilizofuata hakulia. Alipika, alifagia, alijibu salamu za majirani. Jirani alimwambia pole, akajibu "na wewe pia," mpaka jirani akamtazama mara mbili. Ijumaa kijana akaja jikoni, akazungumza chini chini.

"Mama, Jumatatu natakiwa kazini, nisipotokea wanampa mtu mwingine. Na mzee bila jaketi hanitoi. Hili limekushinda, lipeleke kwa fundi. Litoke kama jipya. Tafadhali, mama yangu."

"Nitalipeleka," mama akasema. Sauti ilitoka sawasawa, kama ya mtu wa redio.

Jumamosi akaenda. Fundi wa ngozi alikuwa na kachumba kenye mlango mmoja, viatu vya watu vimening'inia ukutani kwa kamba zake, harufu ya gundi inakupokea kabla ya mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Wateja walimwita Sindano, na yeye aliitika.

Akalitandaza jaketi kwenye meza. "Dada, hili ni jaketi au kuku aliyegongwa na lori?"

"Linatakiwa Jumatatu," mama akasema.

"Hata wafu wanapewa siku tatu." Alicheka peke yake, akaona mteja hacheki, akavaa miwani vizuri. "Haya. Mshono huu ni kazi ya saa moja. Rangi ndiyo nataka nione kwanza."

Akalowesha pamba kwa spiriti, akapitisha kwenye kiwiko. Pamba ikawa nyeusi. Akachukua nyingine, nayo ikawa nyeusi. Chini ya weusi ule ikaanza kutoka ile ngozi ya kijivu, iliyokwaruzwa, mistari yote ya mwezi wa tatu. Mama akaitambua kama unavyomtambua mtu uliyemkopesha.

"Nani amepaka hapa?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?" Fundi akainua uso. "Ungekuja uniajiri mimi. Mkono safi huu." Akahamia begani, akafuta, na bega nalo likajitoa. Akachukua chaki, akachora duara kwenye kiwiko, duara begani, duara ubavuni. "Ajali ngapi hizi, dada?"

"Moja."

Neno lilitoka lenyewe. Lilikuwa limeshazoea njia.

"Moja." Fundi akagonga meza taratibu kwa kidole. "Wewe unasema moja. Huyu ng'ombe anasema tatu. Nimwamini nani?"

Fundi akalinyoosha jaketi, mikono huku na huku, likawa kama mtu aliyelala chali. Akapitisha kidole kutoka duara moja hadi jingine.

"Zote kushoto," alisema. "Njoo uone. Wanakuja hapa vijana wa pikipiki wengi tu, majaketi yao nayajua. Mtu anayeteleza, leo kushoto, kesho kulia, siku nyingine mgongo. Tena anatanguliza mikono. Hata mlevi anatanguliza mikono, hata mtoto anayejifunza kutembea. Kwa hiyo kitu cha kwanza kwisha ni hapa." Akashika upindo wa mkono. "Tazama za huyu."

Mama akatazama. Pindo zote mbili zilikuwa nzima. Laini, zinang'aa, mafuta yake mwenyewe ya kila Jumamosi. Hakuna hata mkwaruzo.

"Huyu hakujikinga," fundi akasema. "Mara tatu. Ameshuka kama gunia. Anakunywa?"

"Hanywi."

"Anapanda akiwa na usingizi?"

"Analala mapema."

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa aproni iliyo chafu kuliko miwani. "Mimi si daktari, dada. Mimi ni mtu wa viatu. Ila huyu mtu wako, kabla hajafika chini, alikuwa hayupo."

Mama aliona kijiko kimesimama hewani. Aliona foronya kwenye beseni. Vilikuja polepole, bila kelele, vikajipanga pembeni ya yale maduara matatu, naye akavitazama kama vitu vya nyumba ya mtu mwingine. Alijua kwamba hapa mtu hupiga yowe. Alingoja. Halikuja.

Fundi alikuwa ameshageukia kikopo chake, anakoroga rangi kwa kijiti. "Haya, tusikae na maneno. Nishone, nipake, ukija saa kumi hata aliyelivaa hatajua."

"Usipake."

"Nimeshachanganya."

"Shona tu lisitawanyike. Na hizo chaki zako usifute."

Fundi akajikuna kichwa kwa kijiti, akajiachia alama nyeusi kwenye paji. "Tangu nifungue hapa watu wananiletea vitu niwafichie. Wewe ndiye wa kwanza kukataa." Akatia uzi kwenye sindano.

Saa kumi na nusu mama alikuwa nyumbani. Uani kijana alikuwa anaosha pikipiki kwa ajili ya Jumatatu, anapiga mluzi. Mzee alikuwa mezani na redio yake. Mama akamwita kijana ndani, akalitandaza jaketi juu ya meza, juu ya gazeti na kikombe cha mzee.

"Mbona hakupaka?" kijana akauliza.

"Nimemkataza." Akaweka kidole kwenye kiwiko. "Mzee, hii ya mwezi wa tatu." Begani. "Hii ya mwezi wa saba." Ubavuni. "Hii unaijua. Si mara moja. Ni tatu, na mimi ndiye niliyekuwa napaka."

Mzee akatazama maduara. Kisha akamtazama mkewe, macho ya mtu aliyekuta lori lake limeendeshwa usiku bila ruhusa. "Wewe?"

"Mimi."

"Mama, tulikubaliana!" Kijana alipiga kofi kwenye meza, kikombe kikaruka. "Mimi nakuamini wewe peke yako humu ndani, na wewe ndiye unayeniuza! Unajua kukaa hapa siku nzima kulivyo? Unajua? Kila mtu anapita anakuuliza bado hujapata kazi, na mimi Jumatatu na–"

Akasimama hapo. Mkono umeinuliwa, kidole kimenyooka. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mahali ambapo hakuna mtu. Mdomo ukaanza kutafuna, taratibu, kama ng'ombe.

Mzee alikuwa amefungua kinywa amjibu. Kikabaki wazi. "Wewe," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo mama hakuwahi kuisikia kwake, "Baba? Mwanangu?"

Mama alihesabu. Hakujua kwa nini anahesabu. Alifika kumi na saba.

"–naenda kazini mpende msipende," kijana akamalizia. Akawatazama. "Nini? Mbona mnanitazama hivyo?"

Mzee akanyoosha mkono, akazima redio.

Jumatatu walienda watatu, si kazini bali hospitali, wakakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari alikuwa dada mdogo mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimuuliza kijana imeanza lini, imetokea mara ngapi, anaanguka upande gani. Kijana akasema hajui. Kweli hakujua, alikuwa hayupo. Mzee naye hakujua, maana alifichwa. Mama akafungua mfuko, akatoa jaketi, akaliweka kwenye meza ya daktari juu ya mafaili. Akaonyesha duara moja moja, na miezi yake. Akaonyesha pindo za mikono. Kijiko akakitaja, na foronya. Daktari aliacha kuandika akashika upindo wa mkono, akaugeuza.

"Na hii ya mwezi wa tatu, mama, mbona hamkuja mwezi wa tatu?"

"Nilipaka rangi," mama akasema.

Daktari akaandika. Wakapelekwa kwa vipimo, wakarudi wiki nyingine, wakaambiwa ni kifafa, dawa zipo, anywe kila siku bila kukosa. Pikipiki, hapana, mpaka daktari aseme, na asitegemee aseme karibuni. Kijana alisikiliza akitazama viatu vyake. Mzee akaiuza pikipiki wiki hiyo hiyo. Kule kazini wakamweka stoo, anabandika anwani kwenye vifurushi ambavyo wenzake wanavipeleka. Dawa anakunywa mbele ya mama, anafungua kinywa kumwonyesha, kwa dharau, kama mfungwa. Maneno mengine hampi. Hali ni hiyo kwa miezi miwili sasa.

Jaketi lipo kwenye henga yake. Jumamosi mama hulishusha, hulilaza mapajani, hulipaka mafuta kwa kidole. Chaki ilishafutika, lakini kidole kikifika kwenye kiwiko kinakwama, kikifika begani kinakwama. Bado anangoja kulia. Amesikia wengine huwajia baadaye, wakifagia tu au wakipanda ngazi.

Jumamosi iliyopita kijana alipita anatafuta maji, akasimama mlangoni.

"Unampakia nani? Hakuna wa kulivaa."

"Ngozi ikiachwa inapasuka."

Kijana akanywa maji yake yote, akaweka kikombe. Hakuondoka. "Basi lipake na rangi. Limekaa kama nini sijui, linatia aibu."

Mama akachota mafuta kidogo, akayapasha joto kati ya vidole.

"Mafuta nitapaka," alisema. "Rangi, hapana."