Taa Nyuma ya Mgongo wa Hurma

Hurma ni kaka mkubwa wa mume wangu, na kwetu Mewar, huku India, huyo si shemeji wa kutaniwa. Ni mkwe kamili. Hanitazami usoni, sisemi naye, jina lake silitaji. Hata kuliandika hapa mkono unasita. Nikimsikia anakohoa uani navuta ushungi hadi kidevuni. Nyumbani hilo halinisumbui. Balaa ni kwamba tunafanya kazi mgodi mmoja: yeye anatoboa mwamba, mimi ndiye mwanajiolojia wa kumwambia atoboe wapi.

Kwa hiyo tuna Thavra. Huyu ni msaidizi wa Hurma, mtu mzima asiyejua kufunga mdomo, na maneno yetu yote hupitia kwake hata tukiwa tumesimama umbali wa hatua mbili.

"Mimi ni waya wa simu," hupenda kusema. "Siku nikikatika mtakoma."

Asubuhi hiyo nilishuka kutazama ukuta uliofunguliwa na baruti ya jana. Hurma alikuwa ameshaanza kutoboa, amenipa mgongo kama ilivyo ada, Thavra kando yake. Nikauosha mwamba kwa maji, nikauelekezea taa ya kofia, nikasogea karibu.

Hii milima yetu ya Aravali ilikuwa matope ya baharini kabla dunia haijapata jani wala mfupa. Matope yakawa mwamba, mwamba ukasukumwa ukakunjwa. Kisha ukaja msukumo mwingine, kutoka upande mwingine, ukaukunja tena, kama mtu anayekunja blanketi lililokwisha kukunjwa. Madini ya risasi na zinki tunayoyatafuta yamo katika tabaka moja la makunjo hayo, na linapopinda nasi tunapinda. Ndani ya kila kunjo kubwa kuna vikunjo vidogo, upana wa kiganja, vyote vimelalia upande mmoja. Wiki nzima vilikuwa vimelalia kushoto. Asubuhi hiyo vilikuwa vimelalia kulia.

Maana yake tulikuwa tumeshapita kona bila kujua. Tabaka halikuwa linashuka tena kwenda mbali. Lilikuwa limegeuka, linapanda kuelekea mashimo ya wahenga. Watu hao walichimba hapa kwa moto na nyundo zama za kale, na vyungu vyao vya kuyeyushia ndivyo tulivyojengea kuta za nyumba zetu. Mashimo yao yamejaa maji ya mvua za karne na karne. Ramani ya mgodi ilisema yako mbali nasi. Aliyeichora alidhani blanketi limekunjwa mara moja tu.

"Thavra! Mwambie kaka azime mashine."

Thavra akamgonga Hurma begani. Mngurumo ukafa.

"Mke wa mdogo wako anasema uzime."

"Nimeshazima. Muulize kuna nini," Hurma akauambia mwamba.

"Mwambie tabaka limegeuka. Mbele kuna maji ya wahenga."

"Mwambie juzi alisema mbele kuna zinki tele. Leo zinki imeyeyuka?"

Thavra akacheka. Mimi nilichemka.

"Mwambie juzi sikuwa nimeuona ukuta huu! Na kama anataka kuoga, mto uko kule juu!"

"Hiyo siipitishi, shemeji," Thavra akasema. "Itaunguza waya."

Hurma alikuwa ameisikia, bila shaka. Akafuta mashine vumbi taratibu.

"Mwambie msimamizi wa zamu akisema niache, nitaacha. Nimebakiza tundu moja."

Nikamtuma Thavra mbio kwenye simu ya njia panda. Alipotokomea gizani ndipo nilipong'amua kwamba waya nimeukata mwenyewe.

Hurma alingoja kidogo. Kisha akaziba masikio, akawasha mashine.

Nilipiga kelele, sikujisikia hata mwenyewe. Nikatikisa taa kushoto na kulia, ishara ya "simama" ambayo hata mgeni wa mgodini anaijua. Mwanga uliruka ukutani mbele yake. Aliuona, maana alijisogeza pembeni na kuinamisha kichwa zaidi. Alidhani natafuta pa kupita. Alikuwa ananipisha! Adabu tupu, na adabu hiyo ilikuwa inakwenda kutuua.

Maji yanayotoka tunduni huwa ya kijivu, yana unga wa mwamba. Yakaanza kutoka mekundu ya kutu. Yakanuka yai viza. Yakaongezeka.

Nikamrukia. Nilimkamata ukosi kwa mikono miwili, nikamvuta hadi kofia zetu zikagongana, nikamfokea usoni.

"Hurma! Zima, Hurma!"

Akanitazama. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake kabla ya siku hiyo. Akazima, kisha mkono wake ukaenda kuchomoa chuma cha kutobolea, kwa mazoea, kama anavyofanya kila akimaliza tundu.

"Usichomoe! Chuma ndicho kizibo! Kiache!"

Hapakuwa na mtu wa kumpelekea maneno hayo. Yalitoka kwangu yakamfika yeye, makavu, amri ya mke wa mdogo wake. Mkono ulibaki juu ya chuma. Maji yalikuwa yanapiga mluzi pembeni yake.

Akaachia.

Tukakimbia. Thavra tukamkuta anarudi; alinikuta bado nimemshika Hurma ukosi, bado namwita jina.

"Msimamizi anasema..."

"Geuka!" Hurma akanguruma, akawa anawaita wote njiani watoke. Tulikuwa tumefika ngazi ya juu tuliposikia chuma kikitupwa na maji, halafu mlima ukavuma. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Jioni mdomo wa Thavra ulikuwa umetutangulia nyumbani.

"Eti umemshika kaka wa mumeo?" mama mkwe aliuliza. "Na jina ukalitaja?"

Mume wangu akainamia chai yake. Mimi nikavuta ushungi, nimejaa hasira na aibu. Hurma alikuwa uani anakula mkate wake wa mahindi, mgongo kwetu, uso kwenye ukuta wa vyungu vya wahenga. Akaacha kutafuna.

"Ukuta," akasema, "mwambie Sugna..."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa mkono. Tangu niolewe nyumba hii, jina langu halikuwa limewahi kupita kinywani mwa Hurma.

"...mwambie kesho asisimame nyuma yangu. Asimame mbele, niione taa."