Kibano Sakafuni

Kabla hakujapambazuka nilisikia kitu kidogo cha chuma kikianguka kwenye sakafu ya saruji. Kimya. Kisha kikaanguka tena. Nilikuwa nimelala chumba cha nyuma ya duka la mwanangu Alfonsi, Makambako, maana jana yake nilikuwa nimefika kutoka Njombe na kiroba cha viazi.

"Alfonsi, ni nini hicho?"

"Panya, Mama. Lala."

Nilijifunga kitenge nikatoka. Alikuwa ameketi kwenye meza yake ya ufundi, taa inawaka, mbele yake kisahani chenye punje za mchele. Alikuwa akijaribu kuziokota kwa kibano, kile cha kushikia vitu vidogo. Akiinua punje, kibano kinamponyoka.

"Kweli ni panya," nikamwambia. "Na mchele ni huu."

Alicheka kidogo, akaficha mikono kwapani.

Dawa anazokunywa kila siku ndizo zilizonirudishia mwanangu. Mwaka juzi nilikuwa namgeuza kitandani kama mtoto mchanga. Sasa anatembea, anakula, ananikemea nikibeba mzigo. Ila vidole vimekufa ganzi. Daktari alisema wako wanaopatwa na hali hiyo kwa dawa hizo, atambadilishia, lakini hakuahidi kwamba ganzi itaondoka. Sikumlaumu. Alimvutia Alfonsi kiti kwa mkono wake mwenyewe.

Alfonsi alianza na redio. Biashara ilipofunguliwa na watu wakaruhusiwa kuleta vitu vyao kutoka nje, zikaja televisheni, na sasa hizi kompyuta za kukunja. Iliyokuwa mezani ilikuwa ya Halfan, mwenye malori. Ilikuwa imezimika ghafla. Alfonsi alikuwa ameifungua, bodi yake imelala wazi kama kitunguu kilichokatwa.

"Ina shoti," alinieleza. "Kidude kimoja hapa kimekufa, kinaumeza umeme wote, vingine havipati. Nikipitisha umeme kidogo, kibovu kinapata joto. Zamani nilikuwa napapasa kwa kidole tu, nakijua."

"Na sasa?"

"Sasa sijui moto wala baridi." Akatazama mlangoni. "Halfan anakuja saa nne. Hii ikinishinda, Mama, nafunga duka. Nimeshamwambia mwenye nyumba." Akanisogezea bodi. "Hebu papasa wewe."

Nikapapasa. Lakini vidole vyangu vimeepua masufuria miaka hamsini bila kitambaa, ngozi imekuwa kama kwato. Nikageuza mkono, nikatumia mgongo wa kiganja, kama nilivyokuwa nikimpima homa alipokuwa mdogo. Vidude vyenyewe ni kama punje za ulezi, mkono unafunika kumi kwa mara moja. Tukabaki tumekaa, vidole ishirini mezani na hakuna kimoja cha kutufaa.

Ilikuwa Juni, na upepo wa pale unajua kupita chini ya mlango. Nikaona pumzi yangu inatoka kama moshi. Nikakumbuka kusafisha kioo cha taa ya chemni: ukikihemea kikiwa cha baridi kinashika ukungu, kikiwa na joto hakishiki.

"Acha umeme upite," nikasema. Nikainama, nikaihemea bodi polepole, kwa mdomo wazi.

Ukungu ukatanda kote, isipokuwa mahali pamoja, padogo kama jicho la kuku.

"Mama! Nani kakufundisha?"

"Chemni."

Alinishika mabega akanitikisa, mtu mzima mwenye mvi. Akaweka alama ya wino pale. Kwa muda ule niliamini duka halifungwi.

Halfan alifika mapema. "Kamwene, bibi!" alinisalimu kwa Kibena chake.

"Kamwene, mwanangu. Hicho Kibena bado kibichi."

"Miaka kumi nakula viazi vyenu, bibi, na bado hakijaiva?"

Akavuta kigoda, akaketi. Alfonsi akawasha kichomeo cha kuyeyushia risasi, akashika kibano ili aking'oe kile kidude kibovu. Kibano kikaanguka. Halfan akainama, akakiokota, akakifuta kwenye kanzu yake, akakirudisha mkononi mwa mwanangu huku akitazama kalenda ukutani, kana kwamba ndiyo anayoisoma. Kikaanguka tena. Akaokota tena. Mara ya tatu vilevile.

"Nishike mimi?" niliuliza. Nikanyoosha mkono, nikaviona vidole vyangu vya kwato. Nikaurudisha.

Mara ya nne Alfonsi alikibana kwa nguvu zote. Hakujua ni nguvu kiasi gani. Akavuta kabla risasi haijayeyuka, na nikasikia mlio mdogo, kama ganda la karanga.

Kidude kilikuwa kimetoka, na uzi mwembamba wa shaba umetoka nacho.

Akapima kwa mita. Shoti haikuwepo tena. Akawasha kompyuta, haikuwaka. Akahangaika nayo hadi adhana ya adhuhuri, na Halfan hakuondoka.

"Nimeng'oa na njia yake," Alfonsi alisema hatimaye. "Njia zimepangana ndani kama kurasa. Huko sifiki."

"Basi," Halfan akasema. "Imeshanifanyia kazi sana hiyo."

Niliijua ni ya mwaka huohuo. Karatasi ya nailoni ilikuwa bado haijabanduliwa kifunikoni. Aliichukua, akaipakata kama kitu kizima, akaniaga kwa Kibena kibichi.

Alfonsi alikuwa ameanza kuviringisha nyaya zake, moja moja, akiziweka kwenye kiroba nilicholetea viazi. Sikumzuia. Nikamshikia mdomo wa kiroba.

Halfan alipofika mlangoni, mwanangu akainua uso. Huyu ni mtu ambaye hata alipokuwa hoi kitandani hakuomba maji. Alisubiri mpaka nimletee.

"Halfan."

"Naam."

"Upite tena, ndugu yangu. Hata kama hujaharibikiwa na kitu."