Miguu ya Joëlle na Maneno ya Albertine

Nitasema na hasira yangu, maana nimechoka kuimeza. Miaka ishirini na mbili nimezunguka na mutoto wangu Joëlle: maombi, kufunga, chale za waganga wa Pangi. Kuku ngapi zimechinjwa bure! Miguu yake imekazana vilevile, magoti yanagongana, anatembea kwa ncha za vidole na fimbo mbili.

Juma lililopita Florentin, muuguzi wa hapa Alunguli, akamugonga goti kwa kinyundo kidogo. Muguu ukaruka juu.

"Misuli iko nzima, Mama Joëlle," akasema. "Shida iko njiani. Ubongo ndio unaamuru muguu utembee, na ndio unauzuia usijikaze ovyo. Amri zote zinapita kwenye mishipa ya fahamu. Ile mishipa ikiharibika, muguu unakosa wa kuuambia tulia. Ndiyo maana anayumba, anaanguka. Wakati wa vita mulikula muhogo muchungu?"

Ee, nani hakula? Mwaka 2002 mji ulikuwa umezingirwa, hata samaki hatukuona.

"Muliulowesha siku ngapi? Muhogo usipokaa majini vya kutosha, sumu yake inakula mishipa."

Nikatamani kumupiga na kinyundo chake mwenyewe.

Siku tatu, kila mwanamuke wa Maniema anajua. Lakini kijitoni kulikuwa na wenye bunduki, na Joëlle, miaka sita, alikuwa analia njaa. Nikaulowesha usiku moja ndani ya sufuria, nikautwanga. Wiki baada ya wiki, hivyohivyo. Mama mukwe wangu, Albertine, akanishika mukono: "Acha, binti yangu. Utamuharibu mutoto." Nikamufokea, nikamuuliza chakula chake kiko wapi.

Asubuhi moja Joëlle akashindwa kusimama. Nikakumbuka yale maneno. Alijuaje? Nikatoka barabarani kupiga kelele: muchawi! Mume wangu akamutupia vitu vyake inje. Mwanawe wa kumuzaa! Albertine akaenda Kailo kwa miguu, peke yake.

Jana nikapanda pikipiki mpaka Kailo. Nilimukuta anamenya karanga, amekonda, masikini. Nikapiga magoti nikamwambia yote: muhogo, mishipa, sufuria yangu. Nikangoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

Akaendelea kumenya karanga mpaka hasira ikanipanda. "Sema basi, mama!"

"Nilikuwa nimeamini," akasema. "Mulisema wote. Nikafikiri labda uchawi uko ndani yangu na mimi sijui. Tangu siku ile sijabeba mutoto wa mutu."

Akaniangalia usoni. "Kweli haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe, mama. Ilikuwa mimi."

"Sema tena."

Nikasema tena, na tena, na yeye bado alikuwa ananiuliza.